Kwa nini lori lako la plastiki linatikisika mezani

Wateja wengi wanaotuletea karakanani modeli za malori ya tela, zile za plastiki zinazouzwa vipande vipande kwenye boksi, husema shida ni rangi. Imeacha michirizi, imebanduka, au kromu imeingiwa na gundi. Sisi tunaliweka lori juu ya kioo bapa kwanza, kisha tunabonyeza kila kona ya kichwa, yaani gari la mbele linalovuta tela, kwa kidole. Likitikisika, rangi itasubiri, maana kazi kubwa iko chini.

Gari dogo la modeli lina ekseli mbili, na mara nyingi sakafu yake ni kipande kimoja kilichotoka kiwandani kikiwa kimenyooka. Lori halina bahati hiyo. Kichwa cha ekseli tatu kina matairi 10, na tela la kawaida la Kimarekani linaongeza 8. Yote yanategemea chesisi iliyojengwa kwa pau mbili ndefu na nyembamba, zikishikwa na pau fupi za kukatiza. Pau moja fupi ikikaa upande kwa nusu milimita, ukifika kwenye ekseli ya mbele kosa limeshakua na tairi moja linaning'inia hewani. Kasoro hiyo hutaiona mpaka siku ya kufunga magurudumu, na kufikia hapo injini, matangi na ekzosi vyote vimeshagandishwa.

Plastiki ya modeli hizi ni polistirini, na gundi yake haifanyi kazi kama gamu ya karatasi. Inayeyusha nyuso mbili kidogo ili zishikane na kuwa kitu kimoja. Kwa saa kadhaa kiungo kinabaki laini, na hapo ndipo lori linapopona au kuharibika. Ukiliacha lijikaukie lenyewe ubavuni mwa boksi, litakauka na mkunjo wake. Ukilibana likiwa limenyooka, litabaki hivyo. Supaglu haifai kwa kazi hii: inashika kwa sekunde chache kabla hujapanga kitu, na kiungo chake hakipendi kupindwa.

Tunavyofanya karakanani ni hivi. Pau zote za chesisi zinapangwa kwanza bila gundi na kushikwa kwa tepu ya karatasi. Chesisi inalazwa juu ya kioo au kigae kilichonyooka, skwea ndogo (kipimo cha pembe mraba) inawekwa kwenye kila pembe, ndipo gundi nyepesi inaguswa kwa ncha ya brashi kwenye maungio ili ijipenyeze yenyewe. Juu tunaweka kitu kizito chenye uso bapa. Kabla gundi haijakaza tunapitisha fito za chuma zilizonyooka mahali pa ekseli na kuinama kutazama kwa mbele: fito zote zinatakiwa kufunikana, zionekane kama moja. Ikiwepo inayopanda upande mmoja, ndio wakati wa kuisogeza. Kisha inalala hapo mpaka kesho yake, hata kama karatasi ya maelekezo inakuambia uendelee na hatua inayofuata. Karatasi hizo huanza na injini, na injini ndiyo kila mtu anataka kuijenga. Ijenge, lakini pembeni, chesisi ikiendelea kukauka.

Chesisi iliyokwisha kujipinda bado ina dawa, mradi haijapakwa rangi. Polistirini hulainika kabisa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, kwa hiyo maji ya moto yasiyochemka yanatosha kuifanya ikubali. Ichovye, ipinde taratibu kuelekea upande wa pili, na uishikilie hivyo ndani ya maji baridi. Rudia kuliko kulazimisha. Kama mkunjo unatoka kwenye kiungo kimoja, ni bora kukikata kwa msumeno mwembamba na kukigandisha upya.

Sasa tela, ambalo watu hulidharau kwa sababu ni sanduku tu. Malalamiko tunayoyasikia ni kwamba kichwa na tela "havipatani". Mara nyingi vimetoka kwenye maboksi mawili. Malori ya kampuni ya AMT ni ya kipimo cha 1/25, yaani lori halisi limepunguzwa mara 25, ya Italeri ni ya 1/24, na Revell wametoa ya vipimo vyote viwili. Tela la futi 53, yaani mita 16.15, linakuwa sentimita 64.6 kwa 1/25 na sentimita 67.3 kwa 1/24. Urefu huo jicho linausamehe. Kimo hakisameheki. Mahali tela linapokalia kichwa pako takriban mita 1.2 kutoka ardhini kwenye lori halisi, sawa na sentimita 5 kwa 1/24 au 4.8 kwa 1/25. Hizo milimita mbili, zikiongezwa na springi zilizogandishwa juu kidogo, zinatosha kuinua pua ya tela lote.

Pima kwa rula kutoka mezani hadi sakafu ya tela, mbele na nyuma. Namba zikitofautiana, rekebisha kwenye bamba la kuunganishia, lile la kichwa ambalo tela hulikalia: kata vipande vyembamba vya plastiki uviweke chini yake, au lisugue kwa msasa. Usiguse springi, kwani utaharibu usawa wa magurudumu uliougharamia. Na ile pini ya tela inayoingia kwenye bamba, kwenye gari halisi ina unene wa inchi 2. Ikishapunguzwa inabaki milimita 2 tu za plastiki, nayo hukatika mara nyingi kuliko kipande kingine chochote kwenye tela. Tunaitoa na kuweka waya wa chuma wa unene huohuo.

Kuta ndefu za tela nazo hujikunja kuelekea ndani, na sakafu hulegea katikati kadiri muda unavyokwenda. Kabla ya kufunga paa, gandisha ukanda wa chuma au bomba jembamba la shaba nyeupe ndani, kutoka mbele mpaka nyuma. Ukishafunga paa, hutapata tena nafasi hiyo.

Kromu ina neno moja: gundi ya plastiki haishiki juu yake, kwa hiyo ikwangue mahali pa kuungana. Ukitaka kuitoa yote, dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe kwa kawaida huiondoa. Fanya hivyo penye hewa, vaa glavu, na usiichanganye kamwe na siki, amonia au dawa nyingine yoyote ya usafi.

Matairi yanahitaji uangalifu zaidi, hasa ya maboksi ya zamani. Yale laini ya vinili yana kemikali ya kuyalainisha, na kemikali hiyo huhamia polepole kwenye polistirini inayogusana nayo. Tumeona ringi zilizoyeyuka na kuacha alama ya tairi lote, lori likiwa kabatini tu. Funika sehemu ya kugusana kwa karatasi nyembamba ya alumini, na kwenye boksi ambalo bado hujalijenga, weka matairi kwenye mfuko wake peke yake leo.

Kuhusu rangi, basi: kebini, boneti na chumba cha kulala vipakwe siku moja kutoka kikombe kimoja, la sivyo rangi za metali zitapishana.

Kabla ya kuanza, pima pia rafu yako. Kichwa na tela la Ulaya, ambavyo sheria ya huko huvifikisha mita 16.5 kwa jumla, vinachukua karibu sentimita 69 kwa 1/24. Vya Kimarekani vyenye pua ndefu vinaweza kuvuka 85.

Tunanyoosha chesisi, tunalinganisha kichwa na tela, na tunajenga kuanzia boksi lililofungwa. Ukituletea kazi, lete kichwa na tela pamoja hata kama kibovu ni kimoja, na vipande vyote vilivyobaki kwenye matawi yake, yaani fremu za plastiki vilizotoka nazo kiwandani. Lililovunjika usiligandishe kwanza ili lisisambaratike njiani. Lifunge kwa tepu, nasi tutaendelea.