Masalo yanaishia kwenye sosi, tutajieni majina

Mhariri, naomba nafasi kidogo, kuna jambo la nyanya limenikaa rohoni.

Mimi nina genge. Kila jioni zile masalo, yaani nyanya zilizopasuka zinatoa maji na ukungu mweupe pembeni, kulikuwa na jamaa anapita na ndoo anazibeba zote kwa bei ya kutupa, na mi nilikuwa namuuzia tu sijui zinaenda wapi, kumbe anapika tomato sosi anawasambazia wauza chipsi kwenye madumu. Nilivyojua nikaacha kumuuzia. Iliniuma sana, maana wanangu wanakula chipsi hizo hizo.

Shida ni kwamba ikishapikwa na sukari, siki na pilipili hujui kitu, hainuki, rangi imekolea. Sasa hili Wamarekani walishapambana nalo zamani sana. Rais Roosevelt alisaini sheria yao ya chakula na dawa tarehe 30 Juni 1906, na ilisema wazi kabisa kwamba chakula chenye kitu kichafu, kilichooza au kuvunda, hata kama ni sehemu yake tu, ni marufuku kusafirishwa toka jimbo moja kwenda jingine. Hawakusubiri mtu aharishe kwanza ndo serikali ishtuke. Na ile kusema sosi haionyeshi kitu nayo ikapata dawa, mwaka 1911 mtaalamu wa ofisi yao ya kemia, Howard, akatoa njia ya kuweka kechapu, yaani hiyo hiyo tomato sosi, kwenye darubini na kuangalia nyuzi za ukungu, kwa sababu ukungu ukiupika unakufa ila nyuzi zake zinabaki mle mle, zinaonekana.

Halafu walikuwa wanaushtaki mzigo wenyewe! Kuna kesi ya Oregon ya mwaka 1914 jina lake ni Marekani dhidi ya makasha 200 ya kechapu ya nyanya. Mzigo unakamatwa, mwenye mali akitaka aje mahakamani autetee, ukishindwa unaharibiwa au unauzwa kwa masharti. Na sheria ikalazimisha hukumu itangazwe, basi serikali ikawa inachapisha vijitabu, mzigo gani, wa nani, una kosa gani, mwananchi anasoma.

Mhariri, hapo kwenye kutangaza ndo nimeshikwa. Huku mtaani tunasikia tu juujuu kuna bidhaa zimeteketezwa, mama anayetaka kujua kama ni ile chupa iliyoko kabatini kwake anabaki anaulizia kwa majirani. Naomba gazeti lako liwe linawafuata wahusika kila wiki, mtuandikie bidhaa ni ipi, imekamatwa wapi, ilikutwa na nini. Robo ukurasa inatosha, nitaikata niibandike pale gengeni watu wasome wakija kununua vitunguu.

Mama mwenye genge,
Dar es Salaam