Barua kwa Mwanangu Kuhusu Mwaka Wetu wa Kazi na Kibanja cha Baba Yako

Muleba, 12 Desemba

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na mkeo na wajukuu wangu. Sisi huku hatujambo. Mvua za vuli zimenyesha vizuri, na juma lililopita dada yako amemaliza kupalilia kibanja, hili shamba letu la migomba na kahawa, upande wa juu. Uliponipigia simu mwezi uliopita uliniuliza kwa nini naendelea kuzunguka vijijini kwa ajili ya ofisi ambayo hata nauli hainirudishii, na ukataka kujua mwaka mzima tumefanya nini hasa. Nilikujibu kwa kifupi kwa sababu salio lilikuwa linakwisha, na pia kwa sababu jibu lenyewe linakuhusu wewe kuliko unavyodhani.

Unajua kwamba sisi ni wasaidizi wa kisheria tunaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hatutozi mtu fedha, wala haturuhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili. Tunamsikiliza mtu, tunamweleza sheria inasemaje kwa lugha anayoielewa, tunamsaidia kuandika barua au kujaza fomu, kisha tunamsindikiza hadi panapohusika, pawe ni baraza la ardhi la kijiji, baraza la kata, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au Mahakama ya Mwanzo. Mfadhili aliyekuwa akitulipia pango alimaliza mradi wake mwezi wa Machi, tukahamia chumba kimoja nyuma ya kanisa. Mambo ya pango nayaacha hapo, maana siyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wakati wa mavuno ya kahawa wengi waliotujia walikuwa wanawake walioolewa, na karibu wote walikuja na neno moja, butura. Mwanamke analima na kupalilia mwaka mzima, halafu siku ya kuchuma anakuta mnunuzi amesimama shambani na kikaratasi mkononi, kwa kuwa mume aliiuza kahawa ingali maua, kwa bei ya kutupa, na fedha zimekwisha zamani. Kwa haya tuliwaita mume na mke tukakaa nao chini. Wapo waliosikilizana, na wapo walioondoka wakiwa wamenuna zaidi ya walivyokuja.

Lakini aliyechukua siku zetu nyingi ni mjane mmoja aliyefika mwezi wa Aprili na mabinti zake wawili. Mumewe alikuwa amezikwa, matanga yameanuliwa, na kikao cha ukoo kimekaa bila yeye kuitwa. Muhtasari ulimtaja shemeji yake kuwa msimamizi wa mirathi, na mama huyo akaambiwa kwamba kwa kuwa hakuzaa mtoto wa kiume, arudi kwao mara mahindi yatakapovunwa. Nilimwuliza kama ana karatasi yoyote, naye akafungua pindo la khanga akatoa cheti cha kifo kilichokunjwa mara nyingi hata maandishi yameanza kufutika. Kwa karatasi hiyo tulianza. Tulimsaidia kuandika pingamizi na kulipeleka Mahakama ya Mwanzo kabla shemeji hajateuliwa, na kuanzia hapo kazi yetu ikawa kungoja pamoja naye. Siku ya kwanza hakimu alikuwa likizo, siku ya pili shemeji hakutokea, siku ya tatu faili halikuonekana. Kila mara mama huyo alitembea tangu alfajiri, na kila mara nilikuwa naye, kwa sababu nimejifunza kwamba watu wengi hawapotezi haki yao kwa kushindwa kesi, wanaipoteza siku ile wanapochoka kurudi.

Mwezi wa Oktoba mahakama ilimteua kuwa msimamizi pamoja na shemeji yake. Sasa wanatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ya marehemu ndani ya miezi minne, na juzi nilipokwenda kumsaidia kuiandaa nilikuta baadhi ya miti ya mpaka imeng'olewa. Hilo tumelipeleka baraza la ardhi la kijiji. Halijakwisha, na siwezi kukuambia kwamba litakwisha vizuri, ila mama huyo bado analala nyumbani kwake na watoto wake wanasoma shule ileile.

Mwanangu, uliniambia kwenye simu kwamba mila ni mila na kwamba mambo haya tunaletewa kutoka nje. Naomba unisikilize hapa kwa makini. Mwanamke aliyeitikisa mila hii mbele ya jaji hakutoka nje, alitoka hapa hapa Muleba. Holaria Pastory alirithi ardhi ya ukoo kwa baba yake kwa wosia, akaiuza mwaka 1988, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba katazo lile ni ubaguzi usiopatana na Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuiuza kama mwanamume anavyoweza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi anayostahili ni batili. Lakini zile kanuni za mila za mwaka 1963 kuhusu mirathi hazijafutwa. Wajane wawili wa Shinyanga walizipeleka Mahakama Kuu, na mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba zinabagua, ila ikakataa kuzitengua. Ikabidi wafike hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema kwamba wamenyimwa haki zao.

Kanuni hizo nimezisoma mara nyingi kwa ajili ya kazi. Mrithi wa daraja la kwanza ni mtoto wa kiume wa kwanza, wa pili ni watoto wengine wa kiume, na mabinti ni daraja la tatu. Mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza.

Sasa nikueleze lililonipata. Katika zile siku 16 za kupinga ukatili, zinazoanza tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Desemba, tulifanya mkutano chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Nilikuwa naeleza habari za mirathi, na watu wananisikiliza vizuri, ndipo mzee mmoja aliyemjua baba yako akasimama na kuniuliza kwa heshima kabisa, "Mama, na binti yako wewe ana fungu gani katika kibanja kile?" Sikuwa na jibu. Nilisema tutalizungumza, nikaketi, na usiku ule sikulala.

Ulikuwa na miaka tisa tulipomzika baba yako. Ukoo ulikukalisha kwenye kiti chake, wakakutangaza musika, yaani mrithi wake, na mimi nilishukuru, kwa sababu kuwa na mtoto wa kiume ndiko kulikoniokoa nisifukuzwe kama mama yule alivyotaka kufukuzwa. Dada yako alikuwa na miaka kumi na mitatu, amesimama mlangoni na ndoo ya maji, na hakuna aliyemtaja, hata mimi. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekata majani ya migomba, akabeba samadi, akachuma kahawa iliyokulipia ada. Ndoa yake ilipovunjika alirudi hapa, na hapa anaishi kama mgeni wa mdogo wake. Kosa hilo ni langu kabla ya kuwa lako, kwa kuwa wewe ulikuwa mtoto.

Ninachokuomba ni hiki. Mirathi ya baba yako haikufunguliwa mahakamani, tuna muhtasari wa kikao cha ukoo tu. Nataka ukoo ukae tena, ugawe kibanja kwa majina yetu sote watatu, tuufikishe muhtasari huo Mahakama ya Mwanzo, na baadaye tuombe hati ya hakimiliki ya kimila. Najua unafikiria kuuza kipande cha barabarani ili umalizie nyumba yako Mwanza. Sikukatazi kujenga, ila nakuomba usikiuze kabla hatujakaa, kwa sababu kipande hicho ndicho nilichokiona kinamfaa dada yako, kiko karibu na kisima, na ile mikahawa ameipanda yeye. Sitaki ukubali kwa kunihurumia. Ukiwa na neno la kupinga, njoo ulisemee kikaoni, tutalisikiliza.

Baba yako mdogo nimekwisha zungumza naye. Mwanzoni alikasirika, sasa amesema ataita kikao tarehe 28, mradi wewe uwepo. Muhtasari wa zamani uko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda changu. Wewe njoo na nakala ya cheti chako cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa, maana mahakamani watavidai.

Dada yako hajui kwamba nimekuandikia. Ukipiga simu naye akaipokea, mwulize habari za migomba tu, hadi utakapofika.

Mama yako