Kwa mdogo wangu, kuhusu nusu saa yetu ya jioni

Mdogo wangu mpendwa,

Wifi yetu amenieleza kwamba unauliza tunafanyaje hadi watoto wakatulia jioni, nasi tukapata kusoma Neno na kuomba pasipo mtu kulia, na kwamba ulimsihi asiniambie kuwa swali hilo ni lako. Ameniambia, kwa kuwa wifi hajatunza siri hata moja tangu aolewe kwetu. Nami nimeona heri nikujibu hapa hadharani, kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu wapo wazazi wengine wanaohangaika na jambo hilihili.

Nianze na saa yenyewe. Wengi hushauri alfajiri, wakimtaja Bwana Yesu, ambaye katika sura ya kwanza ya Marko aliamka mapema sana akaenda mahali pasipo watu ili aombe. Mistari inayofuata huwa hawaisomi: Simoni na wenzake walimfuata hukohuko wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Ikiwa yeye alifuatwa, wewe mwenye watoto wawili waliofuatana utajificha wapi? Tena hapa Dar es Salaam gari la shule hupita kabla jua halijachomoza, na mama anayetafuta soksi ya pili saa kumi na moja alfajiri hana utulivu wowote wa kumpelekea Mungu. Sisi tulichagua saa moja na nusu jioni, baada ya chakula, na tunamaliza kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili, kwa maana shemeji yako ni mtu mwema lakini taarifa ya habari haikosi. Mpaka huo umetusaidia kuliko nilivyotarajia, kwani watoto huvumilia jambo wanalojua litakwisha lini.

Tunaanza pamoja kwa Zaburi fupi. Ile ya 117 ina mistari miwili tu, ndiyo sura fupi kuliko zote katika Biblia, na mtoto wa miaka minne huishika upesi akaisema kwa majivuno. Kisha kila mmoja hunyamaza na lake. Mkubwa ana daftari ambalo hakuna anayelikagua. Wa kati hupewa sinia la maharage ya kesho achambue mawe na takataka, kwa sababu mikono yenye kazi huufunga mdomo kuliko karipio lolote. Wa mwisho asipewe hata punje moja, maana tumewahi kuitoa puani kwa kibano. Yeye hukaa mgongoni kwa kanga, nami huomba nikitembea taratibu kutoka dirishani hadi mlangoni, na sijaona andiko linalokataza kuomba hivyo. Wewe anza na dakika tatu za kimya, uongeze pole pole. Na simu zote, za wakubwa zikitangulia, ziwekwe juu ya kabati.

Hapo kwenye simu ndipo ninaposhindwa kuandika kana kwamba hakuna kilichotokea. Ulikuwa kwetu baada ya msiba wa Mama. Simu yako ilipoita tukiwa kimya, hukutoka nje. Uliiweka sauti kubwa, ukasimama mlangoni mwa sebule ukacheka na huyo uliyekuwa ukizungumza naye. Mwanangu aliinua kichwa, kidole kikiwa bado juu ya punje aliyokuwa akiichunguza, akanitazama mimi, kisha akakutazama wewe, nawe ukamwambia, "Mwambie mama yako Mungu si kiziwi, haina haja watu wote wanyamaze ndipo asikie." Ukaendelea na simu yako. Ungeniambia mimi, jikoni, tungebishana kama tulivyobishana maisha yetu yote na kesho yake tukanywa chai pamoja. Ulimwambia mtoto. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila nilipowaita wakae, aliniuliza kama Mungu ni kiziwi, wala hakuuliza kwa ukaidi. Alitaka kujua kweli.

Ninajua ulikoyatoa maneno yale. Baba alisoma Neno la siku, yaani mstari wa Biblia uliopangiwa siku hiyo, kila jioni kwa mwanga wa kandili, akishika desturi ambayo Wakristo wa Kanisa la Moravian waliianza kule Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, wakaichapa kitabu kuanzia mwaka 1731, na hatimaye wamisionari wao wakafika kwetu Rungwe mwaka 1891. Fimbo yake ilikuwa karibu na kiti, na aliyecheka alipiga magoti hadi sala ya mwisho. Lakini mimi si Baba, na nyumba yangu haina fimbo. Anayesinzia huachwa alale, anayelia hubebwa, na hao watoto unaosema nimewafanya bubu, waulize majirani zangu Jumamosi mchana watakueleza. Kimya ninachowafundisha ni cha kukaa karibu na mtu usimhitaji aseme neno, na hicho ndicho nilichokitumia kando ya kitanda cha Mama miezi ile ambayo hakuweza tena kuzungumza. Bila nusu saa hiyo ya jioni nisingeweza kumuuguza yeye na kulea hawa. Wewe ulifika siku ya mazishi, kwa hiyo hukuona.

Nimesema kwa ukali, nami naliacha hivyo. Hata hivyo ni wewe uliyekuwa na sauti nyumbani kwetu, na watoto bado wanaimba ule wimbo kwa Kinyakyusa ulivyowafundisha wakiwa wanaoga, maneno wakiyakosea. Waanzishie wako wimbo kabla ya kimya. Mimi sina kipaji hicho, ndiyo maana ninaanza na Zaburi.

Ukija Krismasi, utatukuta saa moja na nusu tumekaa, na kabati lina nafasi ya simu moja zaidi. Ila lile uliloliuliza kwa wifi, safari nyingine niulize mimi. Na mtoto, ambaye sasa amekua na bado anakumbuka, mweleze wewe mwenyewe ulimaanisha nini.

Dada yako