Zuhura, Usikubali Mikanda Itupwe

Walukuba, Jinja
Jumapili jioni

Mwanangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Sisi sote ni wazima, mguu wangu una nafuu, na mama yako anakusalimu ingawa mliongea jana na najua mtaongea tena kesho. Barua hii nimeilaza ndani ya sanduku, juu ya mikanda ya filamu aliyoipiga babu yako, ili uisome kabla hujagusa chochote kilicho chini yake.

Neno ulilomwambia mama yako kwenye simu juzi limeninyima usingizi. Ulisema kwamba wale watu wa Birmingham, Uingereza, wakishaihamishia mikanda kwenye kompyuta, humuuliza mwenyewe kama arudishiwe au wao waitupe, na kwamba kuirudisha huku ni kupoteza nauli kwa sababu picha zote zitakuwa zimekwisha kuhifadhiwa. Mwanangu, usitie saini karatasi yoyote inayoruhusu mikanda itupwe. Wakikuambia kwamba kuitunza kuna malipo, lipa, nami nitakurudishia. Wakikuambia kwamba ni mizee na haina kazi tena, ichukue hivyo hivyo ilivyo.

Najua utaniona nashikilia vitu vya kale. Lakini faili ya kompyuta ni nakala tu, na nakala inategemea mashine iliyoitengeneza. Mashine ya mwaka huu itaona kiasi fulani, na ile itakayokuja miaka 20 ijayo huenda ikaona zaidi, ikiwa mkanda wenyewe bado upo. Kigae kimoja cha picha katika filamu ya Super 8, hii nyembamba ya kamera ndogo za nyumbani, ni kidogo kuliko ukucha wa kidole chako cha mwisho, na bado ukikiinua kwenye mwanga wa dirisha na kioo cha kukuzia utamwona bibi yako bila umeme na bila programu yoyote. Diski ikifa, hufa na vyote vilivyomo. Habari ya simu yako na picha za mahafali unaijua mwenyewe, siirudii.

Nimehesabu vizuri. Kuna mikanda 14 iliyosafishwa kwa dawa ili picha zitokee, kila mmoja una futi 50, yaani mita 15 hivi, na ukipitishwa kwa mwendo wake wa picha 18 kwa sekunde unakwisha kwa dakika 3 na sekunde 20. Yote pamoja haifiki dakika 50. Vigae vya picha ni 50,000 na ushei, na katika dunia nzima hakuna mahali pengine ambapo bibi yako, somo yako, anaonekana akitembea. Picha za kusimama tunazo mbili, nawe unazijua. Jinsi alivyoweka mguu chini, jinsi alivyogeuza shingo akiitwa, hayo yamo humu tu. Ndiyo maana nakusumbua.

Mwendo huo wa picha 18 uwasisitizie. Wengine huichezesha mikanda ya namna hii kwa picha 25 kwa sekunde kama ya televisheni, na watu wakaonekana wanakimbiakimbia. Bibi yako hakuwa mtu wa mbio. Kadhalika usikubali watie muziki. Mikanda hii haikunasa sauti tangu mwanzo, na sitaki wajukuu wangu wamwone akianua nguo huku nyuma yake kunapigwa vinanda ambavyo hakuvisikia maishani mwake. Waombe wakupe faili kubwa ambayo haikubanwa, na ndogo ya kutazamia kwenye simu. Kisha tengeneza nakala tatu, moja ikae kwako, moja uitume kwangu, na moja kwa kaka yako Mbarara.

Mkanda wa 4 una matundu yaliyochanika ubavuni, kwa hiyo ulizia mashine inayouvuta mkanda kwa viringisho laini bila meno, na inayopiga kila kigae peke yake. Usimwachie mtu anayeuonyesha ukutani kwa projekta na kuurekodi kwa kamera. Hivyo ndivyo ulivyoharibika. Yule fundi wa mjini alisimamisha projekta katikati ili arekebishe kamera yake, taa ikachoma kigae kimoja hadi kikatoboka, kisha meno yakang'ata matundu. Nilimlaumu kwa muda mrefu sana. Mama yako alikuwa amenikataza kuutoa mkanda ndani ya nyumba, na hilo sikumweleza fundi.

Kuhusu ubaridi, uliposema mikanda itatunzika vizuri zaidi huko kwenye baridi, hapo una haki, na nimelifikiria usiku kucha. Filamu hizi zimetengenezwa kwa asetati, aina ya plastiki, nayo ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuvunjika na kutoa asidi, na asidi hiyo huzidisha uvunjikaji, hadi mkanda unanuka siki, unajikunja na kusinyaa. Ukifungua sanduku utaisikia harufu hiyo kwenye mikanda ya 9 na 10. Nimeitenga kwenye kiboksi chake cha karatasi kwa sababu mvuke wake huambukiza mingine, nawe usiichanganye, na usiifungie kwenye mkebe usiopitisha hewa. Anza na hiyo miwili, kwa kuwa haitasubiri. Mikanda yote ilikaa darini chini ya mabati kwa zaidi ya miaka 30, na ziwa liko hapa jirani, unyevu wake unaujua. Mahali hapo darini palichaguliwa kwa sababu ya wezi. Hakuna aliyefikiria jua.

Kwa hiyo kama una kabati kavu lenye ubaridi huko, iache ikae kwako kwa muda. Hilo nimelikubali. Lakini ikae kwako wewe, katika chumba unacholala, wala isiachwe kwao, na utakapohama ihame nawe.

Sasa sikiliza habari ya kile kibweta cheusi cha plastiki kilichofungwa kwa kitambaa. Hicho si miongoni mwa ile 14. Ni katriji ya Kodachrome, aina ya filamu ya rangi, ambayo haijasafishwa, na filamu iliyomo ndani haijaona maji ya dawa tangu mwaka 1976. Mikanda iliyosafishwa haidhuriwi na miale ya uwanja wa ndege, hiyo ipite tu. Katriji hii ikipitishwa kwenye mashine itazidi kuharibika, na miale ya mizigo ya chini ni mikali zaidi. Utakapofika Entebbe itoe, uwe umeiweka kwenye mfuko unaoonyesha, na umwombe ofisa kwa adabu aikague kwa mkono. Ukibadilisha ndege, omba tena. Usione haya kuomba.

Rangi zake hazitapatikana tena. Kodachrome ilihitaji dawa zake peke yake, na maabara ya mwisho duniani iliyokuwa ikiisafisha, katika mji wa Parsons jimboni Kansas, Marekani, iliacha kuipokea mwisho wa mwaka 2010. Hata hivyo wapo mafundi wanaoweza kuitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe, na baada ya miaka hii yote huenda kikatoka kivuli tu. Kivuli kinanitosha.

Babu yako alikuwa akituma katriji Uingereza kwa posta, zikarudi zimesafishwa baada ya majuma kadhaa. Hii ya mwisho aliifunga mwenyewe, akaandika anwani, akatoa na fedha ya stempu, akampa mtu wa kuipeleka posta. Nilikuwa na umri wa miaka 18. Sikukuu ya mwaka ule nilivaa viatu vipya, na babu yako hakuniuliza vilitoka wapi. Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata bibi yako alifariki. Katriji ilikuwa chini ya godoro langu. Alipokuwa akiipiga filamu ile nilisimama nyuma yake uani, kwa hiyo najua kilichomo: bibi yako anakuja kutoka bombani, anaweka ndoo chini, anamkataza babu yako kwa mkono, kisha anacheka.

Usiruhusu mtu aitupe, hata akiapa kwamba hakuna kitu ndani.

Jambo jingine ni majina. Mwaka 2019 nilikwenda na mama yako kwenye jumba la makumbusho Kampala kuona picha za enzi za Amin, zilizotoka katika hazina ya negativu karibu 70,000 za shirika letu la utangazaji. Kilichonigusa zaidi ni kwamba ziliweza kusomeka kwa sababu wapiga picha waliandika tarehe na tukio kwenye bahasha. Nimeandika kwenye kila kiboksi ninachokijua. Ukipata faili, keti nami kwenye simu, mkanda baada ya mkanda, nikutajie watu, nawe uandike. Miongoni mwa majirani wa Walukuba wanaoonekana, waliobaki tunaokumbukana ni watatu. Usiahirishe jambo hili ukisema utalifanya ukishazoea kazi.

Una haraka, Zuhura, tangu utotoni una haraka, na haraka hiyo hiyo ndiyo iliyokufanya umalize uuguzi kabla ya wenzako na ukaitwa kazini ng'ambo ukiwa wa kwanza katika ukoo wetu. Najivunia, na msikitini nimewaambia watu hadi mama yako amenishika mkono ninyamaze. Ila kwa sanduku hili naomba upole.

Juma analileta kwa teksi ya asubuhi, na nimemwambia alipakate mapajani, asiliweke kwenye buti. Usimpe fedha, nimekwisha kumlipa, ingawa atasema sikumlipa. Shangazi yako ametuma karanga za kusaga, zimo kwenye mfuko mwingine, ziweke mbali na mikanda kwa sababu ya mafuta. Bati la jikoni limebadilishwa, lile ulilotuma fedha zake, na fundi amebakiza misumari nusu kilo ambayo nimeiweka. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Ufunguo wa kasha la bibi yako usiutafute tena, uko kwangu.

Ukifika nipigie, hata kama ni usiku wa manane. Anza na habari ya afya yako, kisha ya sanduku.

Ni mimi, baba yako.