Fungu lisilofunguka halifundishi kutoa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu somo la kutoa katika madarasa ya chini. Mtoto akipewa 52 – 27 akaandika 35, husemwa kwamba hajafanya mazoezi ya kutosha. Lakini tazama alichofanya: kwenye mamoja kaona 2 na 7, katoa ndogo kwenye kubwa, kapata 5, kwenye makumi kapata 3. Kwake 52 ni tarakimu mbili zilizokaa jirani tu. Mazoezi zaidi ya namna hiyo yatamzidishia ustadi wa kukosea.

Anachohitaji ni zana, ila si zana yoyote. Vijiti 99 vya urefu mmoja vinatosha wanafunzi wawili: mafungu 9 ya kumi kumi yaliyofungwa kwa vipira, na 9 vilivyo huru. Wahesabu na kufunga wenyewe, maana aliyepokea fungu tayari hana sababu ya kuamini kwamba ndani mna kumi. Uzi wa fundo haufai. Fungu litafunguliwa mara nyingi.

Chati iwe na safu mbili, makumi kushoto na mamoja kulia. Hapa ndipo somo huharibika: mwalimu anapanga vijiti 52, kisha chini yake 27. Mtoto anaona vijiti 79 na anavijumlisha, wala hana kosa. Katika kutoa hupangwa 52 peke yake. 27 imo humo humo. Aanze na mamoja: vipo 2, vinatakiwa 7. Afungue fungu moja, vijiti vyake vyote 10 vihamie safu ya mamoja. Kabla hajatoa chochote aulizwe: sasa vyote ni vingapi? Ni 52 vile vile, makumi 4 na mamoja 12. Mwalimu mwenye haraka huliruka swali hili, nalo ndilo kiini cha somo. Kisha atoe 7, vibaki 5. Atoe mafungu 2, yabaki 2. Jibu 25. Kalamu iende sambamba na mkono: 5 ikatwe iwe 4 wakati ule ule kipira kinapotoka.

Neno “kukopa” nalo linapotosha. Anayekopa hulipa, na hapa hakuna deni. “Kufungua kumi” linasema kinachotokea.

Kwenye sifuri ndipo kuna kazi. Katika 403 – 158, wengi huchukua mia na kuipeleka moja kwa moja kwenye mamoja kana kwamba ni kumi, kisha kwenye makumi wakatoa 0 kwenye 5, wakaishia na 255. Fungu la mia, yaani mafungu kumi yaliyofungwa pamoja, halimruhusu mtoto kuruka: likifunguliwa hutoa makumi 10, na moja kati ya hayo likifunguliwa panabaki mamia 3, makumi 9 na mamoja 13. Ile 9 inayoandikwa juu ya sifuri bila maelezo sasa inaonekana mezani. Jibu ni 245.

Lugha yetu husaidia na kukwamisha. “Kumi na tatu” inajieleza, lakini “hamsini” haitaji makumi matano popote, hivyo kwa wiki za mwanzo watoto wayataje yote mawili. “Mia nne na tatu” nayo huandikwa 4003. Kadi ya 3 ikiwekwa juu ya sifuri ya mwisho ya kadi ya 400, kosa hilo linajionyesha.

Vijiti visiondolewe ghafla. Mtoto akianza kutabiri idadi kabla ya kufungua, ahamie kwenye mchoro: mstari kwa kumi, nukta kwa moja, na mstari unaofunguliwa ukatwe na kuchorwa nukta kumi. Baadaye tarakimu tupu. Ile 35 ikirudi, vijiti virudi mezani siku hiyo hiyo, hata kama ni darasa la nne.

Mwalimu wa hisabati, madarasa ya chini