Barua kwa shoga yangu wa Wete

Michenzani, Unguja
11 Juni 2025

Shoga yangu wa tangu utotoni,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, alhamdulillahi, na vile vileja ulivyotuma kwa boti havikulala. Barua yako nimeisoma mara mbili. Pale uliposema kaka yako anataka kuumwagia saruji ua wa nyuma apate sakafu ya kuanikia karafuu, roho iliniruka. Nitalirejea hilo.

Kwanza nikupe habari za Paris, maana najua wageni wa sikukuu hawakukupa nafasi ya kukaa mbele ya TV. Jumapili tulikuwa kwa Ami. Fainali ya wanaume ya Roland Garros, yale mashindano makubwa ya tenisi ya kule, ilianza alasiri, Carlos Alcaraz wa Hispania na Jannik Sinner wa Italia. Sinner akachukua seti mbili za mwanzo. Tukasali Magharibi, tukarudi, bado wanacheza. Tukasali Isha, bado. Katika seti ya nne Sinner alikuwa anaongoza gemu 5–3, na katika gemu iliyofuata 0–40, nafasi tatu za kumaliza kazi, na Alcaraz akazifuta zote. Saa 5 na dakika 29, shoga yangu! Hakuna fainali ya Roland Garros iliyowahi kuchukua muda mrefu hivyo. Saa tatu na nusu usiku ilishapita alipoanguka chali kwenye udongo, bingwa.

Lakini kilichonikumbusha wewe ni ile alama mpira unayoiacha kwenye udongo. Kule mpira ukidondoka karibu na mstari na watu wakabishana, mwamuzi hushuka kwenye kile kiti chake kirefu, akaenda mpaka pale, akainama na kunyoosha kidole: huu hapa ulipogusa. Mashindano mengine makubwa wameshawaachia mashine kazi hiyo. Pale bado wako watu wa kutazama mistari, na udongo wenyewe ndio shahidi. Nilipomwona ameinama nikakuona wewe enzi zile tukicheza, umepiga magoti uani kwenu, gauni limejaa wekundu, unaniambia, “Njoo uone mwenyewe, umetoka!” Na kweli ulikuwa umetoka.

Halafu nikaja kujua kwamba ule wala si udongo. Ni matofali mekundu yaliyosagwa, yamemwagwa unene wa milimita moja au mbili tu, na chini yake kuna mawe ya chokaa yaliyopondwa. Kati ya seti na seti huburuta nyavu juu yake kuusawazisha. Chembe zile huushika mpira ukatua, ukapoteza kasi, kisha ukaruka juu. Ndiyo maana mwenye kupiga kwa nguvu hamalizi mambo kwa pigo moja; mpira unarudi, na unarudi tena. Rafael Nadal alichukua mataji 14 hapo. Ule ni uwanja wa mtu mwenye subira na miguu, na hivyo ndivyo ulivyokuwa ukinishinda mimi.

Ya wanawake ilikuwa Jumamosi. Upepo ulivuma kama kusi letu la siku hizi, mpira unahama njia ungali hewani. Aryna Sabalenka alichukua seti ya kwanza, kisha Coco Gauff wa Marekani, miaka 21 tu, akatulia, akarudisha kila kitu mpaka mwenzake akaanza kukosea. Nililia, sikufichi. Tangu 2007 wanawake hulipwa sawa na wanaume pale, lakini mwaka huu mechi za usiku, zile zenye taa na heshima yake, hata moja haikuwa yao. Ons Jabeur wa Tunisia, aliyekuwa bingwa wa wasichana hapo hapo mwaka 2011, alilisema hadharani, na mimi niko upande wake. Unakumbuka skuli tulivyoambiwa raketi ni za wavulana, sisi twende mpira wa pete? Tukaenda kuchonga vibao vyetu vya mbao za makasha.

Sasa huo ua. Najua karafuu ndizo zinazowalisha, na sakafu hukausha vizuri, mvua ikija ni rahisi kuzikusanya. Simpingi kaka yako. Ila mwombe aache ule upande wa mfenesi, kuanzia shina mpaka kisimani, usiguswe. Nimepata raketi mbili za kweli, kuukuu, moja nyuzi zimelegea kidogo, hiyo nitacheza mimi. Mwezi ujao nikipata ruhusa kazini napanda boti. Mistari tutaichora kwa majivu kama zamani, na wanao wa kike nao watashika zamu.

Mama mbusie mkono, mwambie shikamoo yangu. Na umwahi kaka yako kabla hajanunua saruji.

Shoga yako