Malalamiko: mliifomati laptopu yangu ya zamani kabla sijathibitisha data

Nairobi, 9 Desemba 2025

Kwa meneja wa duka,

Mimi ni yule mama wa sweta za shule kutoka Kariobangi Light Industries, nilikuja kwenu tao Jumamosi tarehe 29 Novemba nikanunua laptopu na nikawaachia ile yangu ya zamani kama topap, yaani ipunguze bei ya mpya. Nimewapigia mara sita, nimetuma wosap na tiki zimegeuka buluu na bado kimya, ndio naandika hii barua, na nitaiprinti niilete kwa mkono pia msije mkasema haikufika.

Laptopu yenyewe haina shida, niseme tu ukweli. Inawaka haraka, betri inakaa. Na nisingenunua mpya saa hii, ni vile Microsoft waliacha kusapoti Windows 10 tarehe 14 Oktoba na fundi wenu akaniambia ile yangu Windows 11 haiingii ju prosesa ni jenereshoni ya 7 na inatakikana kuanzia ya 8. Hapo hakunidanganya, niliulizia kwingine.

Shida ni ile 2,500 niliyolipa juu ya bei ya mashine. Kwa risiti mmeandika wenyewe "kuhamisha data zote". Na kwa ile kopi yenu niliandika kwa kalamu yangu, kijana wa kaunta akiona, kwamba mashine ya zamani isiguswe siku 7 mpaka niangalie kila kitu nithibitishe. Akasema sawa madam, usijali.

Nilikaa kwa kile kiti chenu cha plastiki karibu masaa matatu nikimwangalia akihamisha na flashi ya GB 32, anajaza, anamwaga kwa mpya, anarudi kujaza tena, kama mtu anachota maji ya tangi na kikombe. Sikusema kitu, mimi ni mtu wa nyuzi, nikadhani ndio vile inafanywa. Ila kabla aanze nilipiga picha ya skrini ya zamani ikionyesha ukubwa wa foleda yangu yote, GB 63. Hiyo picha iko kwa simu.

Nikafika nyumbani nikaona picha za sampuli ziko, faili ya vipimo iko, nikalala vizuri. Jumanne tarehe 2 ndio shule moja huko Kayole ikanipigia, wanataka kunilipa deni la muhula wa pili lakini mhasibu anataka LPO (karatasi ya oda ya shule) na ile diliveri noti waliyosaini. Hizo zote ziko kwa emaili. Nikafungua Outlook, ile programu ya emaili, ikaniuliza kama mimi ni mtu mpya! Nikaenda kwa Documents, kuna foleda ya Outlook Files, nikabonyeza, ndani hakuna hata faili moja. Nikaangalia ukubwa wa ile foleda kubwa, GB 52. Nikapata kizunguzungu.

Nikapigia yule kijana. Mnajua alisema nini? "Kulikuwa na faili moja ilikataa nikairuka." Faili moja! Hiyo faili moja ni ya GB 11, ni emaili zangu zote tangu 2016, LPO, invoisi, risiti za nyuzi, mpaka mabishano yangu na wateja. Mpwa wangu anasomea kompyuta hapa Nairobi akanieleza kwa dakika mbili, ati flashi yenu imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka faili, na hiyo haibebi faili moja inayozidi GB 4, hata flashi ikiwa tupu. Ikikataa inakuandikia kabisa kwa skrini kwamba faili ni kubwa, halafu inakupa kibonyezo cha kuruka. Kijana akaruka. Angefomati flashi kwa exFAT, mpangilio unaobeba faili kubwa, ama atoe ile diski ya kuhifadhia data kwa mashine ya zamani aichomeke na ile keboli ya SATA kwenda USB yenye naona mnauza hapo dirishani, kazi ingeisha ndani ya saa moja na mimi nisingekuwa hapa.

Na msiniambie emaili ziko mtandaoni. Yangu iliwekwa kwa POP, inavuta barua kwa mashine halafu inafuta kule kwa seva. Kopi ilikuwa moja tu. Ndio, najua ningekuwa na bakapu, dada yangu ashaniambia hiyo ya kutosha, lakini bakapu yangu ilikuwa ndio hiyo mashine ya zamani, na ndio maana niliandika siku 7.

Kumbe mliifomati Jumatatu asubuhi. Siku mbili! Meneja wa zamu akanisomea kwa simu maandishi madogo ya nyuma ya risiti, ati duka halihusiki na upotevu wa data. Sasa mlinilipisha 2,500 ya nini, kunywa chai? Mtu akikupa kitambaa ushone sare, upoteze kitambaa, unaweza kumwambia hauhusiki na kitambaa?

Mnisikize hapa vizuri, hii ndio muhimu. Mpwa wangu anasema kama mlifanya fomati ya haraka faili hazijatoka bado, ni kama kung'oa lebo kwa mizigo ya stoo, mizigo iko ila haijulikani iko wapi. Zinapotea kabisa mkianza kurundika vitu vipya juu yake. Ile ni diski ya kawaida ya kuzunguka ya GB 500, sio SSD (ile ya chipu), kwa hivyo kuna nafasi. Muizime leo. Msiweke Windows, na kama mmeshaweka msiongeze kitu kingine. Kama mmeuza, siriali namba mnayo na mliyemuuzia mnamjua, mtafuteni. Mnipe hiyo diski mkononi, gharama ya fundi wa kurudisha data ni yenu, na 2,500 mnirudishie kwa M-Pesa.

Deni lililokwama kwa shule tatu ni 186,400. Korti ya madai madogo pale Milimani inasikiza mpaka milioni 1 na haihitaji wakili, mimi sipendi korti lakini Januari shule zinafungua na nyuzi sinunui na pole zenu.

Ijumaa ni Jamhuri mtakuwa mmefunga, kwa hivyo nakuja Alhamisi tarehe 11 saa tatu asubuhi na mpwa wangu.

Halafu, ile flashi kijana aliisahau ikiwa imechomekwa kwa laptopu yangu. Ndani kuna vitambulisho na payslipu za mtu mwingine kabisa, naona alikuja kabla yangu. Niliifunga mara moja. Nitawaletea, lakini nitataka kujua za kwangu zilibaki kwa flashi ya nani.

Mama wa sweta
(namba iko kwa risiti)